Asali ya Masika

Agatha alipoondoka Mikumi aliaga kwamba anakwenda Dodoma kumwogesha mjukuu, na arobaini ikitimia atarudi. Bonifas, mumewe, alimsindikiza mpaka kituo cha treni ya umeme cha Kilosa. Asiye na tiketi hapiti, kwa hiyo alisimama pale kwenye ukaguzi akitazama kitenge cha mkewe kikipanda ngazi. Arobaini ikatimia. Editha, binti yao, akarudi kazini, na dada wa kazi aliyeletwa akaondoka bila kuaga. Mtoto akaugua kifua. Akapona, akaanza kuota meno. Kila mwezi ulikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli, ndiyo maana Bonifas hakupata pa kushika aweze kulalamika. Sasa mjukuu alikuwa anakimbia, na Agatha hajarudi.

Bonifas alikuwa fundi wa friji. Banda lake lilikuwa uani kwake, kando ya barabara kuu, karibu na pale malori yanapopumzika kabla ya kuingia mbugani. Friji za mabucha, za baa, za nyumba za wageni, zote zilipita mikononi mwake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mteja akieleza ugonjwa wa friji yake kwa hadithi ndefu, yeye huinamia nyuma ya friji na kusikiliza mota, na jibu lake huwa moja: “Njoo Ijumaa.” Agatha ndiye aliyekuwa na maneno ndani ya nyumba ile, na alipoondoka, maneno yaliondoka naye. Bonifas alizoea kuwasha redio akipika. Baadaye hata redio akaiacha, kwa sababu kila ilipozimwa nyumba ilizidi kunyamaza kuliko mwanzo.

Kitu kimoja alichoachiwa ni nyuki. Agatha alikuwa na mizinga shambani kwao Ruhembe, pembeni kabisa mwa mashamba ya miwa, kwenye miti aliyokataa isikatwe. Mwanzoni alimwambia mumewe kwa simu, “Wewe waangalie tu, nitakuja kuvuna mwenyewe.” Miezi ilivyopita akaacha kusema kwamba atakuja, na Bonifas akaacha kuuliza. Lakini kila Jumapili baada ya ibada alipanda pikipiki akaenda Ruhembe, akakaa mbali kidogo na mizinga, akawatazama nyuki wakiingia na kutoka. Hapakuwa na mahali pengine pa kwenda Jumapili.

Masika ya mwaka ule yalikuja na mvua za mfululizo. Bonifas aliona mizinga imejaa, mizito, akaogopa upepo usije ukaiangusha. Akavaa nguo za Agatha za kujikinga, zikambana mabegani, akavuna. Alivuna kila sega aliloliona lina asali. Akakamua, akachuja kwa kitambaa safi, akajaza ndoo kadhaa na kuzipanga chumba cha nyuma. Dumu moja, lile lililojazwa asali iliyong’aa kuliko zote, alilifunga vizuri akalipeleka Kilosa na kumpa kijana wa jirani aliyekuwa anasafiri kwenda Dodoma. Alijisikia vizuri siku ile. Aliona kama amempelekea mkewe shamba lake mkononi.

Wiki haikuisha vizuri, simu ikaita. Nyuma ya sauti ya Agatha kulikuwa na kicheko cha Editha.

“Baba Editha, umetutumia nini?”

“Asali. Yako.”

“Dumu limefumuka jikoni! Mfuniko umeruka mpaka kwenye sinki. Povu limejaa kila mahali, linanuka kama kilabu cha pombe. Mtoto kalamba, kashangaa mwenyewe!”

Bonifas hakucheka. Agatha akabadilisha sauti. “Ulivuna masega hayajafunikwa, siyo? Nyuki wenyewe wakiona asali imekauka ndipo wanaifunika kwa nta. Ile ya wazi bado ina maji. Asali yenye maji inachacha.”

“Ungekuwepo ungeniambia,” alisema Bonifas.

Mtoto akasikika akilia kwa mbali. “Hizo zilizobaki mwaga tu,” Agatha alisema hatimaye. “Usijisumbue.”

Alikwenda chumba cha nyuma, akafungua ndoo moja moja. Moja ilikuwa imeshaanza kuchacha, akaimwaga nyuma ya choo. Nyingine zilikuwa bado salama, nyepesi tu, zikitikisika kama uji wa mgonjwa. Akazitazama. Hakujua kwa nini hakuweza kuzimwaga. Alijua tu kwamba akizimwaga, hakutakuwa na jambo lolote ndani ya nyumba ile linalomhusu Agatha ambalo bado halijaisha.

Jambo la kwanza lililomjia ni moto. Akaweka asali kidogo kwenye sufuria, akaipasha. Maji yalipungua, lakini asali iligeuka nyeusi ikanukia sukari iliyoungua. Harufu ya maua yote ikapotea. Akakumbuka Agatha akiwafokea wanunuzi: asali iliyoonja moto si asali tena. Akaosha sufuria.

Jambo la pili lilitoka kwenye kazi yake mwenyewe. Fundi wa friji, kabla ya kujaza gesi, huvuta kwanza hewa yote iliyo ndani ya mabomba kwa pampu, mpaka ndani kubaki ombwe. Mafundi huiita kazi hiyo kuvuta vakyumu. Haitolewi hewa peke yake. Tone la maji lililojificha ndani ya bomba, likikosa uzito wa hewa juu yake, huchemka lenyewe bila moto na kuondoka kama mvuke. Bonifas alikuwa amefanya hivyo tangu ujana wake bila kulifikiria sana. Siku ile akiwa ameinama kwenye friji ya bucha, pampu ikinguruma, akasimama ghafla. Kama maji yanaweza kuchemka ndani ya bomba baridi, yanaweza pia kuchemka ndani ya asali iliyo vuguvugu tu, na harufu ikabaki.

Akatafuta pipa la chuma, akalisafisha, akachomea mdomo wa bomba kwenye mfuniko. Kabla ya kutia asali alitaka kuona kama linashika ombwe bila kuvuja. Akawasha pampu na kwenda kunawa mikono. Ghafla ukasikika mshindo kama tairi la lori limepasuka. Aliporudi mbio alikuta pipa limejikunja katikati, mbavu zimeingia ndani kama kopo lililokanyagwa. Hewa ya nje ilikuwa imelibana kwa nguvu zote, na ndani hapakuwa na kitu cha kulisaidia kusimama.

Hakuumia. Akazima pampu, akakaa juu ya tofali. Kuku waliokimbia wakaanza kurudi. Ndipo akagundua alikuwa anasubiri kitu. Alikuwa anasubiri sauti itoke jikoni iulize, “Baba Editha, kuna nini huko?” Akasubiri kwa muda. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, kama alivyoufunga mwenyewe asubuhi.

Kesho yake Mwinshehe, jirani mwenye kibanda cha chai ng’ambo ya barabara, akaja kumwona. “Fundi, jana nilidhani lori limepata ajali. Nikatoka na kikombe mkononi.”

“Ni pipa.”

Mwinshehe akalizunguka pipa, akalitazama, akamtazama Bonifas. “Ulikuwa unataka kulifanya nini?”

Bonifas alimweleza. Mwinshehe alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. “Mimi sijui mambo ya vakyumu. Ila kula hauli vizuri, hilo naliona. Mchana njoo kibandani.” Bonifas akaitikia, lakini mchana hakwenda.

Alikwenda Kilosa badala yake, ofisi ya nyuki, kuuliza asali inatakiwa iwe na maji kiasi gani. Afisa alikuwa msichana mmoja aitwaye Tabea, mrefu, mwenye shanga nyembamba mkononi. Aliinuka kwenye kiti.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mimi ni mume wa Agatha, wa mizinga ya Ruhembe.”

Uso wa Tabea ukachanua. “Mama Agatha! Yupo? Kikundi kizima kinamuuliza. Yule mama ndiye aliyetufundisha kuhamisha nyuki bila kuwaua. Na zile nyimbo zake! Tukiwa shambani yeye ni kuimba tu, sauti ya pili anatufundisha sisi.”

Bonifas alisimama na kofia mkononi. Nyumbani hakuwahi kumsikia Agatha akiimba, zaidi ya kanisani pamoja na wengine. “Yupo Dodoma,” alisema. “Analea mjukuu.”

Tabea alimwonyesha kipima maji, kifaa kama darubini ndogo: unapaka tone la asali kwenye kioo chake, unaelekeza kwenye mwanga, unachungulia, mstari unakuonyesha kiwango. Maji yakizidi sana asilimia ishirini, alieleza, asali haikai. Bonifas alipaka tone la asali aliyoibeba kwenye kichupa. Mstari ulikuwa mbali kupita kiasi. Alipomweleza nia yake, Tabea alifikiri kidogo. “Nimesikia viwandani wanafanya kitu cha namna hiyo, lakini mimi sijakiona. Chukua hiki kipima, ni changu mwenyewe. Ukifanikiwa unipigie, nami nije nione.”

Safari hii alitafuta chombo kisichokunjika: tangi la zamani la kompresa ya kujazia upepo matairi, nene, la duara, lililokuwa limetupwa gereji. Alilikata upande mmoja, akaliwekea mfuniko wa bolti wenye kidirisha cha kioo kizito. Akalisimamisha ndani ya nusu pipa lenye maji ya vuguvugu, yale ya kiasi cha kumwogeshea mtoto. Kati ya tangi na pampu akapitisha bomba la shaba lililojizungusha ndani ya ndoo ya barafu, ili mvuke ukipita humo upoe ugeuke maji, udondoke kwenye chupa usije ukaingia kwenye pampu na kuharibu oili yake. Akamimina asali mpaka nusu ya tangi. Akafunga, akawasha.

Mwanzoni asali iliinuka kama maziwa yanayochemka, ikapanda povu mpaka karibu na kioo. Akapunguza uvutaji haraka, ikashuka. Akaongeza polepole. Mapovu yakatulia. Kisha hapakutokea la ajabu. Pampu ilinguruma kutwa nzima, na Bonifas akakaa kando yake kwenye kiti cha plastiki, akibadilisha maji ya vuguvugu na kuongeza barafu. Jioni, maji kwenye chupa yalikuwa hayajafika hata unene wa kidole. Alifungua tangi, akachota juu, akapima: maji yamepungua vizuri. Akafurahi. Akakoroga, akapima tena: karibu ile ile ya asubuhi.

Akafikiri pampu ni dhaifu. Akaazima kubwa zaidi kwa fundi mwenzake. Kutwa nyingine, na mambo yakawa yale yale. Juu panakuwa na utando mzito kama maziwa ya mgando, chini asali imekaa na maji yake. Alitaka kuongeza joto, akajizuia. Alikaa pale mpaka giza likaanza kuingia, hana wa kumwambia “imekataa” isipokuwa pampu yenyewe, akaizima.

Jibu lilikuja asubuhi alipokuwa anasafisha. Ukutani mwa tangi, juu ya mahali asali ilipofikia, kulikuwa na michirizi iliyobaki pale povu lilipopanda na kushuka. Alipitisha kidole akakuta haifutiki. Ilikuwa nzito, inavutika kama ulimbo. Akaikwangua kidogo, akaipima. Akafuta kioo cha kipima kwa shati, akapima mara ya pili. Ile ya ukutani ilikuwa kavu kupita hata alivyotaka.

Akakaa chini na kijiko mkononi. Pampu ilikuwa moja. Ombwe lilikuwa moja, joto moja. Asali iliyo ukutani na iliyo kwenye kina zilitoka ndoo moja. Tofauti yake ilikuwa kwamba ile ya ukutani imetandazwa na hii imerundikana. Maji hayatoki katikati ya asali, yanatoka usoni mwake. Yaliyo chini yanalazimika kwanza kupanda mpaka juu, na asali ni nzito, haiyapishi. Pampu hata ingekuwa kubwa kama nyumba isingeyafikia. Asali ile ile ukiitandaza nyembamba inakuwa na uso mpana, na kila tone linakuwa karibu na mlango wa kutokea. Mwanamke yeyote wa Tindiga, kule kwenye mashamba ya mpunga, angemwambia hayo: mpunga mbichi haurundikwi, unaanikwa kwenye turubai.

Akaazima masinia jirani kote, akamimina asali nyembamba, akayapanga ndani ya tangi kama mkate dukani. Mwanzoni maji yalitoka kwa kasi hata akapiga kelele peke yake. Kisha yakakatika. Alipofungua, asali ilikuwa baridi, imekaza. Hapo alijicheka, maana hilo alipaswa kulijua kuliko mtu yeyote Mikumi: maji yakigeuka mvuke hubeba joto, na friji zote alizotengeneza zilikuwa zinaishi kwa kanuni hiyo. Masinia yalikuwa yananing’inia katikati ya tangi, hayagusi ukuta wenye joto. Asali ilihitaji kuwa nyembamba, na wakati huo huo iguse mahali pa vuguvugu.

Kwa hiyo akalilaza tangi. Akaliweka kwenye beringi mbili, nusu yake ndani ya maji ya vuguvugu, akafunga mota ya waipa ya lori, ile ya kufutia kioo, ili ilizungushe taratibu. Bomba la kuvutia hewa likapita katikati kabisa ya mfuniko, kwenye sili ya pampu ya maji, ule mpira wa kuzuia kuvuja, ili tangi lizunguke na bomba litulie. Sili ilimtesa. Ilivuja, akaipaka grisi, ikavuja tena, akabadilisha. Safari hii alitia asali kidogo tu. Tangi lilipozunguka, asali iliukumbata ukuta wote, ikapanda nao mpaka juu, ikashuka upande wa pili, nyembamba kama mafuta kwenye kikaango, ikarudi chini na kujichanganya na nyingine. Kila mzunguko ulileta uso mpya. Bonifas alichungulia kwenye kidirisha, akageuka kutazama chupa. Matone yalikuwa yanadondoka moja baada ya jingine, hayapumziki.

Kabla ya saa ya chakula cha mchana mstari kwenye kipima ulikuwa umefika pale Tabea alipomwonyesha. Rangi ilikuwa ile ile ya dhahabu. Akaonja. Asali ilikuwa nzito, na maua yalikuwemo.

Kisha akaifungua ile chupa ya maji. Alitaka kuyamwaga, akanusa kwanza. Yalinukia Ruhembe baada ya mvua, yalinukia kitenge cha Agatha akitoka shambani. Sehemu ya harufu ilikuwa imetoroka na maji, hilo halikwepeki. Bonifas alitazama huku na huku, ingawa hapakuwa na mtu, akamimina kiganjani, akanawa uso.

Alitaka kumwambia mtu. Alivuka barabara mpaka kwa Mwinshehe, akamwekea kijiko cha asali mezani. Mwinshehe alikuwa anamimina chai ya mteja mwenye haraka kwenye kisosi ili ipoe. Alionja, akafumba macho, akasema, “Alhamdulillahi. Sasa mpelekee mwenyewe.”

Bonifas alikwenda Dodoma na madumu yaliyofungwa kwa mpira. Editha alimpokea kituoni. “Shikamoo baba. Umekonda!” Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya pili, sebule imejaa midoli. Agatha alikuwa jikoni, mtoto mgongoni. Alikuwa amenenepa kidogo, amesuka nywele. Walisalimiana kama watu waliokutana msibani, kwa uangalifu.

Agatha alichota asali kwa kijiko, akakiinua. Asali ikashuka kwa uzi mmoja mrefu usiokatika. “Umeipika,” alisema.

“Haijaona moto.”

Akaonja. Akaonja tena. “Umefanyaje?”

Na Bonifas akaeleza. Alieleza habari za pipa lililojikunja na tangi la kompresa, michirizi ukutani, masinia yaliyoganda, mota ya waipa. Alichukua chupa ya mtoto, akaizungusha mbele yake kumwonyesha jinsi asali inavyopanda na ukuta. Mjukuu alicheka, akataka aizungushe tena. Aliizungusha. Alipotulia alikuta Agatha amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, anamtazama.

“Tangu nikujue sijakusikia ukisema maneno mengi hivi,” alisema.

Bonifas akaweka chupa mezani. “Rudi nyumbani, Mama Editha.” Hakuwahi kulisema neno hilo, hata kwa simu. Alikuwa amelisubiri lijiseme lenyewe.

Agatha alimshusha mtoto, akamwacha aende sebuleni kwa mama yake. “Hapa nikiamka kuna anayeniita,” alisema taratibu. “Kule nilikuwa naamka nasikia pampu. Naleta chai bandani, unaipokea bila kugeuka. Nikaenda kuzungumza na nyuki. Sikulaumu, ndivyo ulivyo, na umetulisha. Ila nilipofika hapa nikaona kumbe nilikuwa mpweke siku zote, na sikujua.”

“Mtoto atakua.”

“Atakua. Sikudanganyi tena kwa meno ya mtoto, Baba Editha. Sirudi. Angalau kwa sasa sirudi.”

Bonifas aliitikia kwa kichwa. Angeweza kusema kwamba na yeye sasa anajua kuamka bila kuitwa kukoje. Lakini alihisi neno hilo lingekuwa kama kumdai, akalinyamazia. Editha alimwomba ahamie kwao. Alijaribu. Alikaa siku chache, akatengeneza friji yao iliyokuwa na mlio, akatengeneza na ya jirani. Wakati wa mchana, Editha akiwa kazini na Agatha akiwa kanisani na mtoto, kwenye kwaya yake mpya, alikaa kwenye kibaraza cha juu akitazama mapaa ya watu asiowajua. Alipoaga, hakuna aliyeshangaa.

Mikumi habari zilikuwa zimeshasambaa. Tabea alikuja na wanakikundi wa Ruhembe, akapiga picha tangi likizunguka, akauliza maswali mengi. Mengine Bonifas aliyajibu na mengine alisema hajui. Tangu hapo kila masika ndoo zenye asali nyepesi zilianza kuletwa bandani. Baadhi ya walioleta walikuwa wanawake waliomfahamu Agatha. Walikaa wakisubiri tangi lao, wakamsimulia habari zake: alivyowahi kumkimbiza tumbili aliyefungua mzinga, alivyolia siku moto ulipotoka kwenye miwa ukachoma makundi mawili ya nyuki. Bonifas aliinua uso kutoka kwenye geji ya pampu na kusikiliza. Wakati mwingine aliuliza, “Ikawaje?” Wakimaliza walichukua ndoo zao na kwenda, naye alifagia, akafunga.

Kiangazi kimoja Agatha alikuja. Alisema atakaa mpaka mavuno yaishe. Walikwenda Ruhembe pamoja kwa pikipiki, akamfundisha kutazama sega kwenye mwanga na kuacha lile lisilofunikwa. Akiwa kati ya mizinga aliimba. Bonifas alishika kitoa moshi cha kutulizia nyuki, akasimama nyuma yake bila kutikisika, akaogopa kwamba akikohoa ataacha. Jioni alimpikia chai yeye mwenyewe, akampelekea alipokuwa ameketi, na wakanywa wakizungumza mambo ya kawaida, paa la chumba cha nyuma, kifua cha mtoto, bei ya mchele. Zilikuwa siku nzuri. Hakumwomba abaki, naye hakusema kwamba atabaki.

Mavuno yalipoisha alimsindikiza Kilosa. Pale kwenye ukaguzi Agatha alimrekebisha kola ya shati. “Ukivuta asali ya watu, usisahau kula,” alisema. “Nitapiga Jumapili.”

“Piga,” alisema Bonifas.

Treni ilipoondoka alipita sokoni. Muuza samaki mmoja, mama wa makamo, alikuwa anafukuza nzi kwa kipande cha boksi. Bonifas alichagua samaki wa kukaanga, akamnyooshea kidole.

“Mmoja tu, mzee?” aliuliza mama yule.

“Mmoja,” alisema Bonifas, akampokea samaki wake kwenye gazeti, akaenda kutafuta gari la Mikumi.